Naomba ushauri: Jina langu husomwa kanisani kila ninapotoa
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Katika usharika wetu, mzee wa kanisa husoma majina ya waliochangia ujenzi pamoja na kiasi cha kila mmoja, na Jumapili iliyopita, langu lilipotajwa, nilijikuta nimenyoosha mgongo nikitazama kama jirani amesikia. Mama mmoja mjane aliyeketi mbele yangu, aliyetajwa kwa shilingi 2,000, aliinamisha kichwa, akawa anafunga pindo la khanga yake taratibu. Tangu siku hiyo Mathayo 6:3, kwamba utoapo sadaka mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, inanisumbua sana. Natamani kutoa bila jina, lakini nachelea wazee wasije wakaona ninawasuta, na kusema kweli utaratibu huo husaidia fedha zisipotee. Je, nianze kwa kuzungumza na mchungaji, au niache tu kuandika jina kwenye bahasha?