Fundi ananiuliza mto wa inchi ngapi, nipime wapi mwilini?

Mwalimu wa Chamwino
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nilishuka Dodoma mjini, Soko la Majengo, kuagiza mito miwili, wangu na wa baba watoto. Fundi akaniuliza, "Mwalimu, nikujazie inchi ngapi?" Nikabaki namtazama. Kiuno changu nakijua, namba ya kiatu naijua, mto je? Huu nilionao naukunjia kanga juu yake na bado naamka shingo imekaza upande mmoja.

Mimi ni mwembamba, nalala ubavu. Mzee wangu ana mabega kama mlango wa ghala, analala chali na anakoroma. Godoro ni gumu. Kipimo kinachukuliwa wapi?

Kijana wa Zuzu
Kwa kukoroma huko agiza mitatu, wa tatu ujizibie masikio 😂

Fundi Mito
Mwalimu, aliyekuuliza si mimi, ila kakuuliza vizuri. Wengi wanafika, wanabonyeza mto kwa kiganja, "huu laini, nipe". Kiganja hakilali.

Tuanze na wewe wa ubavu. Keti wima, mabega yashuke yenyewe. Mwenzako achukue futi kamba apime kutoka shingo inapokutana na bega hadi ncha ya bega, pale mshono wa mkono wa shati unapoanzia. Futi iende usawa, isifuate mteremko. Watu wazima ninaowapima wengi huangukia kati ya sentimita 10 na 15. Ukilala ubavu, nafasi hiyo ndiyo mto unatakiwa kuijaza. Lakini usiilete kama ilivyo, maana godoro nalo humeza bega. La kwako gumu litameza kidogo, laini lingekula sehemu kubwa na mto ungetakiwa kuwa mwembamba zaidi.

Mzee wa chali mwambie asimame ukutani: makalio na mgongo wa juu viguse ukuta, macho mbele, kidevu asikinyanyue. Pima pengo kutoka ukutani hadi kisogoni, kisha hadi kwenye bonde la shingo. La kisogo ni unene wa katikati ya mto, la shingo ni ukingo wa chini, ambao huwa mnene kidogo zaidi. Upana wa mabega hapa hauna kazi. Mwanaume mpana ananunuliwa mto mnene, usiku kidevu kinagusa kifua, njia ya hewa inabanwa, halafu mnashangaa anavyokoroma.

Kuna njia ninayoiamini kuliko futi. Lala juu ya godoro lenu wenyewe, kichwa kwenye mashuka yaliyokunjwa bapa. Bega libaki nje, juu ya mashuka iwe kichwa na shingo tu. Mwenzako akae nyuma yako aangalie uti wa mgongo: unyooke kutoka kiunoni hadi kisogoni, usiiname kuelekea godoro wala kupanda. Aongeze au apunguze kunjo moja moja. Ukishanyooka, apime kimo cha mashuka kichwa kikiwa bado juu yake. Ukinyanyuka kwanza yatafumuka na namba itadanganya.

Namba hiyo mpe fundi, mwambie ni unene wa mto ukiwa umelaliwa. Sufi ataishindilia izidi sana, kipande kizima cha sponji ngumu atakizidisha kidogo tu.

Mwalimu wa Chamwino
Asante sana fundi. Tumepima leo mchana, watoto wamecheka mpaka basi. Bega langu sentimita 13, kwa mashuka nimenyooka kwenye 11. Mzee kisogo 6, shingo 8. Amenuna, anasema mto wa inchi mbili na kidogo ni wa kichanga. Sasa sufi au sponji?

Mama wa Kondoa
Sufi, mdogo wangu. Joto la Oktoba hapo Dodoma na sponji utaamka kisogo kimelowa. Sufi ikishikana mabonge unaianika juani, unaichambua kwa mkono, inafufuka. Sponji ukiianika hivyo inageuka njano na kumeguka unga.

Fundi Mito
Mama kasema kweli kuhusu jua, sponji ianikwe kivulini penye upepo. Ila kwa mzee nashauri sponji, kwa sababu sufi nyembamba kiasi hicho itasambaa pembeni na kisogo kitagusa godoro. Wewe chukua sufi, na umwambie fundi aweke zipu. Inapungua kimo kadiri inavyolaliwa, utaongeza mwenyewe bila kufumua mshono. Mzee akizoea atanyamaza, mwachie wiki mbili.

Hilo la shingo, ukiona mkono unakufa ganzi au maumivu yanashuka hadi vidoleni, nenda hospitali, hiyo siyo kazi ya mto tena.

Mwalimu wa Chamwino
Ganzi hakuna, nashukuru Mungu. Mwisho wa mwezi nashuka tena mjini. Niende na godoro pia? 😄

Fundi Mito
Godoro liache Chamwino, mwalimu. Nenda na foronya zako, maana za dukani nyingi zimekatwa kwa mto mnene, na huo wa mzee utaogelea humo ndani.