Naomba ushauri: kigari cha mtoto kinazima kikigusa sakafu

Habari zenu wakuu, hasa mafundi wa elektroniki. Kigari cha mwanangu kinatumia betri 2 ndogo za kawaida, yaani volti 3, na kinazimaliza siku moja tu. Nikaamua kuweka betri ya lithiamu ya saizi ya 18650 niliyoitoa kwenye laptopu mbovu, pamoja na kile kibao kidogo cha saketi cha kuchajia cha TP4056, chenye ulinzi wa kukata umeme betri ikizidiwa.

Nikikinyanyua, magurudumu yanazunguka kwa fujo. Nikikiweka chini tu, kimya! Hakiwaki tena mpaka nichomeke chaja kidogo. Kwa mita, betri ikiwa imejaa inasoma volti 4.1, ila mota ikizunguka hewani tayari inashuka hadi 3.2. Nimebadilisha waya nikaweka nene, nikalehemu upya, wapi. Kuruka ule ulinzi nimeogopa, lithiamu si ya kuchezea na huyu mtoto analala na gari lake.

Sasa wakuu, hapo betri ndiyo imechoka, au ulinzi unakata kwa sababu mota inavuta umeme mwingi? Na kushusha volti zikaribie 3, dayodi moja (kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja na kula volti kidogo) inatosha au inabidi nitafute kibao cha saketi cha kushushia?