Wabunge wetu mnashika shilingi, mnairudisha, na jibu hatujapata!

Wakuu, heshima zenu. Nimelibeba hili muda mrefu, leo nalitua hapa kama lilivyo.

Bunge la bajeti lililopita hapa Tanzania nilikaa na redio hadi usiku nikisikiliza Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima likipitia bajeti ya wizara kifungu kwa kifungu. Mbunge mmoja akasimama kwenye kifungu cha mshahara wa Waziri, sauti imepanda, akasema asipopata maelezo ya kuridhisha atashika shilingi. Makofi, meza zikagongwa. Na hoja yake ilikuwa nzito: fedha za maendeleo ambazo Bunge hilohilo liliidhinisha mwaka uliotangulia hazikutoka zote, mkandarasi ameondoa mitambo, na Wizara imerudi kuomba nyingine kwa mradi uleule. Waziri akanyanyuka. Akamshukuru kwa hoja nzuri. Akasema Serikali imeipokea, inaifanyia kazi, na wao wawili wataketi baada ya kikao waone namna bora. Akakaa. Hakutaja kiasi gani kilitoka. Hakutaja kilichobaki kitatoka lini. Mwenyekiti akamuuliza Mbunge kama ameridhika, na yule aliyekuwa anawaka dakika tano kabla akajibu kwamba kwa maelezo hayo mazuri anarudisha shilingi.

Maelezo gani? Aliyeyasikia anionyeshe, maana mimi nilikuwa na kalamu mkononi na karatasi yangu ilibaki nyeupe.

Kwa vijana mnaosikia tu "kashika shilingi" bila kujua uzito wake: Mbunge anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa Waziri. Fedha yenyewe haina maana. Maana yake ni kwamba shughuli inasimama, jambo linajadiliwa, wabunge wengine wanasimama kuunga mkono au kupinga, Waziri analazimika kurudi kujibu, na mwisho Bunge linahojiwa: ndiyo au siyo. Mbunge mmoja wa kawaida, asiye na cheo chochote, anaweza kumfanya Waziri atolee maelezo senti za umma mbele ya nchi nzima. Ni silaha kubwa kuliko zote alizonazo kwenye bajeti, na wanaichomoa na kuirudisha alani kabla haijagusa kitu. Muda ukiisha inakuja gilotini, vifungu vilivyobaki vinapitishwa kwa mkupuo, mabilioni kwa mabilioni, watu wanakwenda kulala.

Maswali ya asubuhi ndiyo usiseme.

Upande wetu kuna mto unaokata barabara kila masika. Mgonjwa anavushwa mgongoni. Watoto hawaendi shule. Daraja la mto huo limeulizwa bungeni mara tatu, na wabunge wawili tofauti, ndani ya miaka minane. Nimeyatafuta majibu yote matatu kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, nikayachapa, nikayapanga mezani moja baada ya jingine. La kwanza linasema Serikali inatambua umuhimu wa daraja hilo, upembuzi yakinifu na usanifu wa kina utafanyika mwaka wa fedha unaofuata, na ujenzi utaanza kadri fedha zitakavyopatikana. La pili, miaka kadhaa baadaye: upembuzi yakinifu na usanifu wa kina utafanyika mwaka wa fedha unaofuata. La tatu ni hilohilo neno kwa neno, na jina la mto limekosewa herufi ileile iliyokosewa mara mbili za mwanzo. Kuna mtu ofisini alifungua jibu la zamani, akabadilisha mwaka, akalifunga. Naibu Waziri akaja kulisoma.

Nililitazama lile kosa la herufi moja nikahisi koo limekaza. Miaka minane hakuna mtu wizarani aliyeutazama ule mto hata kwenye ramani, maana angeutazama angelisahihisha jina.

Lakini hasira yangu kubwa iko kwa Mbunge. Baada ya jibu la msingi, kanuni zinampa maswali mawili ya nyongeza. Hapo ndipo Waziri anaweza kubanwa, kwa sababu swali la msingi limepelekwa mapema kwa maandishi na Wizara imepata siku za kuliandalia maneno matamu, ila la nyongeza anakutana nalo papo hapo. Mbunge wetu la kwanza alilimaliza kwa kushukuru majibu mazuri na kuipongeza Serikali kwa barabara nyingine isiyohusika. La pili akamwomba Waziri waambatane baada ya Bunge akajionee mwenyewe. Akajibiwa yuko tayari. Swali likaishia hapo. Karatasi za miaka ya nyuma hakuzisoma, na kama alizisoma alizikalia.

Angalieni pia maswali yanavyoandikwa. "Je, Serikali haioni umuhimu wa kujenga...?" Jamani, swali la namna hiyo Waziri atalijibuje zaidi ya kusema anauona? Au "Je, ni lini Serikali itatenga fedha...?" Kutenga ni kuandika tarakimu kwenye kitabu cha bajeti. Baada ya kutenga kuna Bunge kuidhinisha, baada ya kuidhinisha kuna Hazina kutoa, baada ya kutoa kuna fedha kufika mradini na hati ya mkandarasi kulipwa. Mradi unafia njiani humo, kati ya kuidhinishwa na kutolewa, na huko ndiko wabunge wetu hawaulizi. Swali la mtu anayetaka kujua lina tarakimu ndani yake: mwaka fulani tuliidhinisha kiasi hiki, zilitoka ngapi, tarehe ngapi, zimelipwa kwa nani, na zilizobaki zilielekezwa wapi? Swali kama hilo halijibiwi kwa "mchakato unaendelea".

Kuna jambo la kalenda linalonisumbua hata zaidi. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) inakabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwekwa mezani bungeni Aprili. Bajeti mpya inapitishwa Juni, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mwaka 2023 ripoti ilifika bungeni Aprili, nchi nzima ikaisoma na kupiga kelele, halafu mjadala wenyewe wa taarifa za kamati za hesabu ukafanyika Novemba. Kati ya Aprili na Novemba Bunge lilishaidhinisha matumizi mapya kwa taasisi zilezile zilizotajwa kwenye ripoti! Najua inaelezwa kwamba kamati zinahitaji muda wa kuwahoji maofisa masuuli, wale wanaowajibika kwa fedha za kila taasisi, na ni kweli zinahitaji. Basi wabunge wabebe ripoti hiyo kwenye maswali ya asubuhi ya Aprili na Mei, waifungue ukurasa kwa ukurasa wakati Waziri wa wizara husika anaomba fedha. Nani anawazuia? Ibara ya 63 ya Katiba inawapa kazi ya kuisimamia Serikali kwa niaba yetu, na inamruhusu Mbunge kumuuliza Waziri yeyote swali lolote juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 100 inawalinda kwa wanachosema ndani ya Bunge.

Msiniambie haiwezekani, nimeona kwa macho yangu ikiwezekana. Februari 2008 Kamati Teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilisoma taarifa yake ya Richmond, ule mkataba wa umeme wa dharura, na Waziri Mkuu, marehemu Edward Lowassa, akajiuzulu pamoja na mawaziri wengine wawili. Aprili 2012, baada ya ripoti za CAG, Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, alizunguka akikusanya saini za wabunge 70 ili ije hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, na wabunge wa CCM wapo waliotia saini. Mei mawaziri sita wakawa nje ya Baraza. Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali ilileta suala la Tegeta Escrow, zile fedha zilizochotwa kwenye akaunti maalumu ya Benki Kuu, na kabla ya mwezi Februari Mwanasheria Mkuu alikuwa ameondoka, mawaziri wawili wameondoka. Siku hizo tulikuwa tunakusanyika kwenye runinga moja mtaa mzima, watu wamesimama mlangoni, kimya, kama wanasikiliza hukumu ya ndugu yao.

Runinga yenyewe ikazimwa. Januari 2016 tukatangaziwa kwamba shirika la utangazaji la taifa halitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, hoja ikiwa gharama. Mwaka 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi na CAG Profesa Mussa Assad kwa sababu alilitaja Bunge kwa neno "udhaifu". Mkaguzi aliyewaletea taarifa za fedha zetu, wao ndio wakamfungia mlango! Mwishoni mwa 2021 Spika mwenyewe, marehemu Job Ndugai, alihoji hadharani suala la mikopo ya nchi, na Januari 6, 2022 akajiuzulu. Mbunge wa kiti cha nyuma aliyeliona hilo la Spika alijifunza nini? Na tangu uchaguzi wa 2020 wapinzani waliomo humo unawahesabu kwa vidole, kwa hiyo hata ile aibu ya kuulizwa na mwenzako wa upande wa pili imepungua.

Halafu Katiba yetu inataka mawaziri wateuliwe kutoka miongoni mwa wabunge. Fikirieni maana yake. Anayeuliza leo anatamani kesho awe Naibu Waziri. Atamkaba vipi mtu ambaye anataka kukaa naye benchi moja? Na juu ya yote kuna Ibara ya 90, Rais anaweza kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti, kila mmoja arudi jimboni kuomba kura kabla ya muda wake. Hofu naielewa. Lakini Mbunge akiuliza zilitoka shilingi ngapi hajakataa bajeti, hajaipinga Serikali, hajavunja kanuni hata moja. Ameuliza hesabu.

Najua atakuja mtu hapa aseme Mbunge hana fungu, wa kulaumiwa ni Serikali. Serikali nailaumu pia. Waziri anayesimama mbele ya Bunge na jibu lililonakiliwa, anayemtuma Naibu kila swali linapokuwa gumu, anayesema "tumelipokea" kwa jambo alilolipokea miaka mitano iliyopita, huyo anatudharau. Ila dharau inaendelea kwa sababu anayedharauliwa anapiga makofi. Dakika za maswali ni chache. Kila pongezi ya nusu dakika kwa Serikali, kwa Waziri, kwa Naibu na kwa "majibu mazuri" inakatwa kwenye swali la mtu wa jimbo jingine ambaye hatafikiwa siku hiyo.

Kitu kimoja nimekisoma cha wenzetu kinaniumiza kwa urahisi wake. Bunge la India, Lok Sabha, lina kamati tangu 1953 ambayo kazi yake ni kuandika kila ahadi ambayo Waziri ameitoa ndani ya ukumbi na kuifuatilia. Waziri akisema "tutalifanyia kazi", linaingia kwenye orodha, na kawaida anapewa miezi mitatu atekeleze au aje aeleze na kuomba muda. Majirani zetu Uganda nao wana kamati ya ahadi za Serikali. Sisemi huko kila ahadi inatimia. Ila ahadi ina namba, ina tarehe, na kuna mtu mwenye kazi ya kuiuliza tena. Daraja letu limeahidiwa mara tatu, na mtu pekee mwenye orodha ya ahadi hizo ni mimi, kwenye bahasha, kabatini.

Mheshimiwa wangu, kama wewe au msaidizi wako mnapita humu: mkutano ujao usiliandike swali la daraja kama lilivyoandikwa mara tatu. Liandike hivi: Serikali iliahidi ndani ya Bunge hili, kwa tarehe hizi tatu zilizomo kwenye Taarifa Rasmi, kufanya usanifu wa kina wa daraja hilo. Je, katika kila mwaka kati ya miaka hiyo mitatu, kiasi gani kiliidhinishwa, kiasi gani kilitolewa na Hazina, na kazi gani ilifanyika? Taja hata jina sahihi la mto, herufi kwa herufi. Nyongeza zako mbili zitunze, usizitumie kushukuru. Na bajeti ya Wizara hiyo ikifika Kamati ya Matumizi na bado hujapewa tarakimu, shika shilingi, na usiiachie mpaka Bunge limehojiwa. Ukishindwa kwa kura, umeshindwa. Majina ya waliosema siyo tutayasoma kwenye Taarifa Rasmi. Bahasha yangu iko tayari, nakala nitakuletea mwenyewe ofisini kwako.