Mrejesho: taa ya nyuma iliyokuwa inaingiza maji

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kuhusu taa ya nyuma kulia ya gari langu la 1996: mvua ikinyesha, maji yanashuka kwenye buti hadi shimo la spea tairi. Wengi mlisema nipake silikoni kuzunguka taa. Mmoja akashauri nitafute kwanza yanakoingilia. Namshukuru sana huyo.

Nilipaka poda ya mtoto kwenye bati la ndani, mdogo wangu akamwagia maji kwa mpira nje, taratibu, kuanzia chini kwenda juu. Mchirizi ukaanzia kwenye bolti ya juu. Taa ilipotoka, gasketi ya sponji (ile inayoziba kati ya taa na bodi) ilikuwa bapa, inakatika kama biskuti.

Nimekwangua yote, nikasugua kutu, nikapiga praima (rangi ya kwanza ya kukinga bati), kisha nikazungusha utepe wa butili, ule wa mpira laini unaonata. Silikoni inayonuka siki iacheni kabisa, asidi yake inaozesha bati. Nati nimezikaza kwa mkono tu, maana plastiki ya zamani hupasuka. Na vile vitundu vya chini ya taa msivizibe, ndivyo vinavyotoa unyevu.

Mvua kubwa imeshapiga, buti kavu. Jumamosi naifungua ya kushoto. Haivuji, lakini gasketi zake ni za umri uleule.