Aliyeacha kazi mwenyewe alipwe fao la kukosa ajira?

Mtoa mada: Wadau, mwanachama wa NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, Tanzania) aliyeachishwa kazi, akiwa na michango ya miezi 18, analipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Aliyeandika barua ya kuacha hapati, na wote walikatwa michango sawa. Huu ni uonevu.

Mchangiaji 2: Mkuu, hii ni bima. Ukimlipa anayeondoka kwa hiari umerudisha fao la kujitoa (kuchukua michango yako ukiacha kazi) kupitia mlango wa nyuma, na hilo ndilo lililoondolewa kwenye mageuzi ya 2018. Michango yake haijapotea. Akipata kazi nyingine anaendelea na namba ileile ya uanachama.

Mchangiaji 3: Hiari ipi? Kuna waajiri wanamwita mtu ofisini: "andika barua, uondoke kwa heshima." Akisaini, fao hakuna na kiinua mgongo hakuna (siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10). Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema ukiacha kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike, umeachishwa. Kinachowaangusha watu ni barua. Mtu anaandika "naacha kwa sababu binafsi, nashukuru kwa ushirikiano", halafu anakimbilia CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi)! Mwamuzi ataanza na mistari hiyo. Andika sababu yenyewe: mshahara wa miezi ipi haujalipwa, ulilalamika lini na kwa nani. Baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, na ujaze fomu namba 1 ya CMA ndani ya siku 30.

Mchangiaji 4: Na hizi barua za kuacha kazi kwa "saa 24" mziache. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya maandishi isiyopungua siku 28. Haitolewi ukiwa likizo wala haihesabiwi ndani ya likizo. Ukigoma kuzifanyia kazi, mwajiri anaruhusiwa kukata mshahara wa siku hizo kwenye malipo yako ya mwisho. Lakini cheti cha utumishi hawezi kukuzuilia.

Mchangiaji 2: Mchangiaji 3 ana hoja, ila dawa yake iko CMA. Tusiufungulie kila mtu mfuko.

Mtoa mada: Shauri la CMA linaweza kuchukua miezi, na kodi ya nyumba haisubiri. Kwa nini asilipwe akionyesha fomu iliyopokelewa, akishindwa shauri fedha hizo zikatwe kwenye mafao yake ya baadaye?

Mchangiaji 2: Kesho yake kila anayeacha kazi atakuwa na fomu mkononi.