Ulipoacha mshahara, miezi ya mwanzo uliishije? Tupeane uzoefu

Assalaam alaykum wapwani wenzangu. Naanza mimi. Miaka tisa nilikuwa karani wa klaring, kutoa mizigo bandarini, hapa kisiwani Mombasa. Mwaka 2019 ikatoka ile amri ya makontena ya bara kupanda reli ya SGR hadi Nairobi, na tukaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Faili mezani zikapungua hadi saa nne asubuhi nimeshamaliza gazeti. Mshahara ukaja nusu. Nikaondoka kabla sijaondolewa. Leo natafutia watu wadogo wadogo njia ya kutoa mizigo, magari na mitumba, kwa komisheni. Leseni si yangu, napitishia kwa rafiki. Kilichonitesa ni tarehe 30. Mwili ulishazoea pesa siku ile, na mwenye nyumba vilevile. Nyinyi je?

*Mama Karai, Likoni:*
Mimi nilikuwa nafanya usafi hoteli ya ufuoni. Msimu ukiisha twaambiwa "kapumzikeni", basi. Nikanunua karai, jiko na gunia la viazi Kongowea, nikakaa njia ya feri. Wiki ya kwanza nauza mpaka sahani zaisha, jioni nikihesabu sioni faida. Kumbe watoto wangu, na wa jirani, wala mtaji! Sasa hata baba watoto akitaka viazi alipa. (Alinuna wiki mbili.) Na Ramadhani isikudanganyeni: mchana umekaa bure, lakini baada ya alasiri bajia na kaimati hazifiki magharibi. Pesa hiyo siigusi. Masika yakianza, viazi vyapanda bei, na watu wapita mbio na miavuli, nani asimame kula? Leseni ya kaunti pia nakata, siwezi kukimbizana na askari nina karai la mafuta moto.

*Skwodi, Kisauni:*
Kuendesha tuktuk ya mtu si kujiajiri, tusidanganyane. Tajiri ataka hesabu yake jioni, upate usipate. Mimi nahesabu nimejiajiri tangu nilipomaliza mkopo wa chama wa tuktuk yangu.

*Fundi Stima, Changamwe:*
Mimi nilijaribu, nikarudi. Kazi zilikuwepo, kulipwa ndiko hakukuwepo. "Fundi, nipigie Ijumaa." Ijumaa ngapi? Kisha mtoto akalazwa, na bima ya afya ya SHA sijalipa, maana tusioajiriwa twatakiwa tutoe ya mwaka mzima kwa mkupuo, na siku hizo hata ya maji naikopa. Sasa nakatwa ile asilimia 2.75 ya mshahara kabla sijaiona pesa, na sina neno. Jumamosi nafanya zangu.

*Mama Karai, Likoni:*
Pole fundi. Mimi ya SHA naiweka kwa kibubu, shilingi ishirini kila siku, na kibubu kiko kwa dada yangu Mtongwe ili nisikivunje.

*Mwanzishaji:*
Fundi, hizo za Jumamosi walipwa lini?

*Fundi Stima, Changamwe:*
Nusu kabla sijapanda ngazi. Nusu ya pili kabla sijawasha swichi kuu.