Mrejesho: mapazia na kapeti ya sebule inayotazama ziwa

Habari zenu wakuu. Ni mimi niliyeuliza mapazia na kapeti gani vifae sebule ya nyumba tuliyopanga Kirumba, Mwanza: dirisha linatazama magharibi, jua la jioni linapiga hadi kwenye makochi, na sakafu ni saruji tupu.

Nimemfuata aliyeshauri mapazia ya tabaka mbili. Upande wa kioo nimeweka kitambaa chepesi cheupe, ndani poliesta nzito yenye bitana. Moyo ulikuwa kwenye pamba, ila fundi wa Makoroboi akanionyesha kipande kilichofuliwa kando ya kipya: kilikuwa kimerudi, pindo limepanda. Ukitaka pamba, ifue kabla ya kukata. Dirisha lina upana wa mita 2, akashona kitambaa cha mita 4 ili marinda yajae. Mama watoto alisema ni anasa, sasa anawaonyesha wageni. Pazia lisilo na marinda huwa kama shuka limeanikwa.

Mahameli niliikataa. Wale wadudu wa ziwani wakivamia taa usiku, wananasa humo na kuwatoa ni kazi. Chepesi unakivua tu, unafua, jioni kimerudi dirishani.

Sakafuni nimetandika kapeti ya plastiki. Ya manyoya ni nzuri machoni, lakini kwa watoto wanaotoka ufukweni na mchanga, hapana. Hii inadekiwa.

Kilichobaki: kona moja ya mlangoni imeanza kuinuka. Mnatumia gundi gani kwenye saruji yenye unyevunyevu?